Kioo Chenye Chogo

Makoko, Jumanne

Eti amenihurumia! Mume wangu leo ameuza boksi la kompyuta yangu ya zamani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaniachia kioo, kile chenye chogo, nilichokuwaga nachapia barua za watu pale Bunda. Bado nasikia kilivyokuwaga kinavuma kikiwashwa.

"Kompyuta yenyewe nimekubakizia, Mama Neema. Nimeuza boksi la chini tu."

Picha zote za marehemu mama zimo kwenye diski iliyo ndani ya hilo boksi. Sina nakala kwingine.

Nampigia mnunuzi, hapokei. Wakilivunja asubuhi...

Nikifungua mdomo nitamtukana huyu mume. Na kioo amekipangusa vumbi, akakifunika kitambaa changu cha kufuma. Sasa ananiita sebuleni: "Mbona huiwashi?"