Mafuta ya Mchaichai Niliyokutumia

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima. Bomba la jikoni limezibwa, na yule paka mdokozi kahamia kwa jirani, shauri yake.

Shemeji anakuletea barua hii pamoja na chandarua. Nimemwambia ni zawadi tu. Kumtazama usoni nikasema zaidi nilishindwa.

Kazini tunapopima mafuta, mimi hujipaka mkononi, nauingiza mkono kwenye sanduku la mbu, kisha nahesabu dakika hadi wa kwanza aume. Kwa yale niliyokutumia, aliuma dakika ya arobaini. Bosi akasema, "Andika yanakinga kwa saa sita. Kwani nani atakuja kuhesabu?" Nikaandika. Nikatia sahihi.

Ukaniambia mmeacha chandarua, eti mdogo wako ni mtaalamu. Nilicheka, dada. Nilicheka tu.

Leo shemeji kanidokeza kwamba mtoto anachemka tangu juzi, nawe unazidi kumpaka mafuta. Acha! Mbebe ukampimishe damu sasa hivi. Barua utaimalizia njiani, na matusi yangu niwekee, nakuja Jumamosi kuyapokea.

Mdogo wako,
mwenye ile sahihi.