Nilimpa Binti Yangu Kifungo Abane Mdomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali nifichie jina, mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nina binti wa miaka sita ambaye hupumua kwa mdomo, hukoroma kuliko baba yake, na ukimwita anakutazama tu, nami nikaona ni ujeuri, wifi zangu wakambandika jina Mdomo Wazi, na wateja wakija nilikuwa naona haya mpaka natamani kumficha nyuma ya majora ya vitambaa, basi nikafanya alichonifanyia mama yangu, nikampa kifungo cha shati akibane kwa midomo, akikidondosha namfinya, na mwenzako nikajisifu kwamba mtoto ananyooka!

Mwalimu wake ndiye aliyeniambia mtoto hasikii vizuri, nikampeleka hospitali, daktari akampiga picha akasema nyama za pua zimevimba, afanyiwe upasuaji, na hapo hapo, jamani, binti yangu akatoa kifungo mfukoni akakibana mdomoni, maana nilimfundisha mbele za watu mdomo ufungwe. Daktari akauliza, "Hiki nini tena?" Nikacheka, nikasema, "Ah, watoto hawa, anachezea tu." Mtoto akanitazama, kifungo bado kakibana. Tangu siku ile sijarudi, mume wangu nimemdanganya kwamba tumepewa dawa ya mafua, kwa sababu daktari anataka tuje wote wawili, na akiuliza tena habari za kifungo, uso wangu nitauweka wapi? Wifi mmoja ananiambia kwamba hata mimi mwenyewe nakoroma na nimekua salama, kwa hiyo yataisha yenyewe. Nisubiri?

Mama fundi, pole, lakini hapana, usisubiri. Aibu ni yako, anayekosa hewa ni mtoto.

Nyama hizo ziko nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, hata akiachama huzioni. Zikivimba kwa mafua ya kila mara au mzio, pua inaziba, na njia ya masikio ikibanwa, majimaji hujaa ndani. Kumbe ulikuwa unamfinya mtoto asiyesikia, kisha unamzibia tundu pekee lililobaki la kupumulia! Na kile kifungo kingempalia, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Ni kweli, watoto wengi nyama hizo husinyaa wakikua, na wengine hupata nafuu kwa dawa ya kupuliza puani. Wako amepimwa, daktari kaamua. Wifi yako kasomea wapi? Upasuaji hupitia mdomoni, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kovu usoni hakuna, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Hatari zake muulize daktari bila woga. Nawe mkoromaji, nenda ukapimwe pia: kwa mtu mzima nyama hizo ni nadra, na pua inayoziba muda mrefu huenda ina sababu nyingine.

Leo mwambie mume wako ukweli wote, kesho mrudi hospitali. Daktari ameshasikia makubwa kuliko kifungo. Kabla hajauliza, sema wewe, na binti yako akiwepo: "Kifungo nilimpa mimi." Siku ile alikufichia aibu yako mbele ya daktari, mdomo kaufunga, na pumzi hana.