Upande wa Kulia

6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepatana na ngazi za hapo kwako na kikohozi kimekuaga. Huku mimi mzima, na wifi yako ni yule yule: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, anakaa saa nne, narudi naye amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa. Lakini yupo, na tunashukuru.

Unauliza kustaafu kukoje. Dada, nimeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mitatu. Nikiwasha king'ora, hata wakubwa walipanda ukingoni. Leo nikipiga honi, mwenye pikipiki ananigeukia na kuniuliza kama nina haraka ya kaburini. Hospitalini wameleta mashine ya kutoa namba za foleni. Ukiisalimia haiitikii, ukikosea kubonyeza inakupeleka kliniki ya wajawazito. Nimeshapelekwa huko mara mbili. Wauguzi wameanza kunipongeza.

Wifi yako naye, tangu aanze kuugua, amekuwa na maneno! Yule mwanamke mkimya unayemjua wewe, sasa tukiwa garini hanyamazi. "Ona yule wa baiskeli, shati lake zuri." "Mama yule na ndoo yake, naona anataka kuvuka." Nadhani ni dawa.

La mwisho, kioo cha pembeni cha gari kimevunjika. Nguzo ya geti letu ilinisogelea. Na watembea kwa miguu wa siku hizi wamejifunza uchawi: barabara nyeupe, ukipepesa macho, mtu huyu hapa! Nashtuka mpaka jasho linanitoka. Zamani watu walikuwa wanakuja kutoka mahali.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananilaani, lakini yanapanda. Mpe wifi yangu pole nyingi, mwambie namwombea.

Nilicheka kuhusu kliniki ya wajawazito. Halafu nikasoma aya ya mwisho mara tatu na kicheko kikanikauka. Nimekuwa mwalimu mkuu. Watoto wengi wameniambia dirisha lilivunjika lenyewe. Nguzo haisogei.

Unakumbuka marehemu baba alivyoanza? Alisema milango ya siku hizi ni myembamba. Alisema watu wanaweka viti ovyo. Alikwenda hivyo miaka miwili akimlaumu seremala, hadi siku aliyomimina chai pembeni ya kikombe, sote tukiwa mezani. Wewe ndiye uliyetoka kwenda kulia nyuma ya nyumba.

Nenda kapimwe macho. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yenu huwekwa spika ikasikilizwa na ukuta na jirani, na sitaki wifi aogope kabla ya wakati. Nijibu upesi.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha siku kumi. Ya kumi na moja, wifi yako alipoingia bafuni, nikasimama mbele ya kalenda ya ukutani na kuziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mwezi mzima ukapotea. Nikabaki na tarehe tatu nne za katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwingine kote ukungu. Nikaziba la kulia: nikaona vizuri, yaani karibu vizuri. Nikarudia tena nikidhani nimekosea kuziba. Niliketi kitandani.

Naogopa, Dada. Nimeokota watu barabarani kwa mikono hii, na karibu kila mara dereva alikuwa amesimama pembeni akisema neno lile lile: "Sikumwona." Nilikuwa nawadharau sana watu wale.

Lakini nikienda kwa daktari ataniambia niache gari. Kwa basi ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na akitoka mashineni hawezi hata kusimama. Akikosa mara mbili mfululizo, maji yanampanda kifuani anahema kama aliyezama; nimeshuhudia. Nikiacha usukani namuua yeye, nikiendelea naua mtoto wa mtu. Nimeamua kwenda taratibu. Usinifokee. Na usimwambie.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kwenda taratibu si kuona. Juzi nilipiga, wifi akasema umetoka, na mimi nikakusikia ukikohoa.

Sijamwambia. Ila nakuambia wewe: siku hizi simu ikilia naitazama kwanza, naogopa kuipokea. Andika hata mstari mmoja, useme tu kwamba hakuna aliyekufa.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Hakuna aliyekufa. Nilitaka kukuandikia mapema, mkono ukakataa.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, tunarudi. Mashine ilimchosha wifi yako kuliko kawaida, akasinzia. Nakata kona ya kulia penye duka la vioo. Barabara ilikuwa nyeupe, naapa. Ghafla akazinduka na ukelele, "Mtoto!" Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikasikia kitu kimegusa boneti, si kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Kisha madaftari yakaruka.

Sikuweza kushuka. Mimi, niliyezoea kushuka kabla gari halijasimama! Mikono iligoma kuachia usukani, na mdomo ukatoa maneno yale: "Sikumwona. Sikumwona."

Wifi yako alishuka na bandeji yake mkononi, akijishikiza kwenye boneti. Kisha kikachomoza kichwa cha msichana wa sare, wa miaka kama tisa. Amesimama. Ulikuwa mkoba uliogongwa. Wakaokota madaftari wote wawili, mtoto akilia kwa sababu la hesabu lilikuwa limeingia matopeni. Tuliliacha gari pale pale, mlango wazi, tukampeleka kwao kwa miguu. Mama yake akamkagua toka utosini hadi vidoleni, akanitazama, akafunga mlango bila neno. Afadhali angenitukana.

Njiani wifi yako akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Na wewe utakwendaje mashineni?"

"Lete ufunguo kwanza." Nikampa. Akasema, "Ulidhani naropoka tu humo garini? Tangu Desemba nakuonyesha watu. Yule wa baiskeli, yule wa ndoo. Leo nimesinzia kidogo tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kunipeleka." Hapo akaanza kulia. "Nimeweka watoto wa watu rehani kwa ajili ya figo zangu."

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro, wazee wawili, watu wakipita wakitusalimia, nasi tunaitikia kama hakuna kitu.

Daktari amesema ni presha ya macho, ile ya baba. La kulia limekwenda, halirudi. La kushoto huenda matone yakalishikilia. Akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, ndugu zangu wote wapimwe. Nakufikishia kama nilivyopewa.

Gari limeuzwa. Tulijaribu basi. Mara ya tatu alianguka stendi, nikamdaka nusu, nusu nikakosa. Nilipomnyanyua akasema, "Tuhame." Nikamwambia nyumba ile nimeijenga miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali. Akanijibu, "Nyumba haisafishi damu."

Basi nyumba tumempangisha fundi cherehani na wanawe, na sisi tumepanga chumba kimoja nyuma ya hospitali. Bafu tunapeana zamu na jirani anayejifunza tarumbeta. Wimbo wake ni mmoja na bado haujui. Kwenda kwenye mashine ni mwendo wa dakika kumi, na akirudi analala kitandani kwake kabla kichefuchefu hakijamkuta. Uso wake umeanza kurudi.

Lakini katikati kuna barabara, Dada. Niliyekuwa naisimamisha kwa king'ora, leo naisubiri ukingoni. Naogopa hili jicho lililobaki. Kila asubuhi nalifumbua taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mahakama.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Mwambie wifi yangu hana wa kumwomba msamaha katika nyumba yetu. Sisi sote tulijua kitu tukakinyamazia.

Nami nina langu. Tangu Februari nakuhimiza ukapimwe, na mimi mwenyewe nilikuwa sijakanyaga kliniki ya macho. Mwaka mzima naruka mstari nikisoma, nikajiambia ni wachapaji wa siku hizi. Unaona? Baba na seremala wake, wewe na nguzo yako, mimi na wachapaji wangu.

Jana nilikwenda. Nilikaa benchi tangu saa mbili asubuhi. Jina langu likaitwa, nikatazama pembeni kama si mimi. Mama aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Mwalimu, si wewe huyo?" Alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, nikaona aibu, nikainuka. Jicho la kushoto limeanza. Daktari anasema ni mapema, tumeliwahi. Nilimshukuru kwa sauti kubwa, nikageuka kutoka, nikashindwa kuuona mlango kwa machozi tu.

Leo nilijitia matone mara ya kwanza. Yote yaliishia shavuni. Nimejua kwamba sitaki kukaa na hofu hii peke yangu kwenye ghorofa ya tatu.

Nakuja Jumatatu kwa basi la asubuhi, nikae mwezi. Nitalala chini, msibishane juu ya kitanda. Jumanne mimi ndiye nitakayemsindikiza wifi, wewe utapumzika.

Na usije stendi kunipokea. Nakujua, utasema ni hatua chache. Maisha yako yote umekwenda kuchukua watu. Safari hii kaa kitako na mkeo. Nitauliza njia, nitafika, nitapiga hodi.

Dada yako