Wanataka Niseme Safiya Alijitakia

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada maana nimebanwa na sina wa kumwambia. Mimi ni afisa mauzo wa kampuni inayouza pampu na jenereta kwa wachimbaji hapa Kahama, na kila asubuhi meneja wetu Onesmo humsimamisha mbele aliyeuza kidogo, sisi wengine tumzomee, tukinyamaza tunaambiwa hatuitaki kazi. Rafiki yangu Safiya alikuwa mjamzito, akaomba abaki dukani, Onesmo akamjibu mbele yetu sote, "Mimba si ya kampuni. Panda pikipiki uende machimboni," naye akaenda, barabara ile mashimo matupu, akaanza kutokwa na damu njiani, mimba ikaharibika, na hata hajatoka hospitali Onesmo akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp, "Eneo la mauzo la Safiya liko wazi, nani analitaka?" na watu wakaligombania, Mshauri, watu waliokula pilau ya harusi yake! Sasa mumewe, Akida, anataka kushtaki, na Onesmo ameniita ofisini akaniambia, "Klara, wewe ulikuwepo. Sema aliomba mwenyewe kwenda, na usimamizi wa timu nitakupa wewe." Mume wangu hana kazi tangu duara, shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba, lijae maji, watoto wanasoma, na Akida ananipigia simu nami sipokei. Nifanyeje?

Klara, Nyahanga

Marahaba, Klara. Pole sana, ila tusidanganyane: jibu unalo, unatafuta mtu wa kukuruhusu ulikwepe. Sikuruhusu. Mwenzio amerudi nyumbani mikono mitupu, nawe unaahidiwa kiti! Na kiti chenyewe ni cha kusimamisha wenzako wazomewe. Mauzo yakishuka, atakayesimamishwa ni wewe.

Wanao lazima wale, hilo najua, kwa hiyo sisemi uache kazi leo. Mwambie Onesmo hutasema uongo, basi, usibishane naye. Ujumbe wa grupu usiufute. Mpigie Akida umweleze ulichosikia kwa masikio yako, kisha mwende pamoja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaosikiliza migogoro ya kazi, na msichelewe. Ukifukuzwa kwa kusema kweli, hiyo nayo ni kesi. Na anza sasa kutafuta kazi kwingine. Hapo hapana heshima ya kungojea.

Lakini kabla ya yote, nenda kwa Safiya. Usiende na maelezo, nenda ukae naye. Asipokufungulia, usimlaumu. Rudi kesho.