Namba Ambayo Sikuiuliza

Baba yangu wa Kibuta,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinituma kwa shangazi? Ole wangu nirudi na kuendelea kucheza bila kukupa jibu. "Aliyetumwa harudi kimya," ulikuwa ukisema. "Hukumkuta? Njoo useme sikumkuta." Siku moja ulinirudisha njia nzima juani kwa sababu niliusema ujumbe kwa sauti mlangoni kwake bila kuangalia kama yumo ndani. Nililia, na nilikuchukia kidogo.

Nikakua, nikawa mtengeneza programu hapa Kibaha, nikasahau. Ile programu ya kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kliniki, uliyonisifia kwa wenzako msikitini, haitumi ujumbe yenyewe. Inaiita skripti, yaani kijiprogramu kisaidizi, ikatume. Skripti ikimaliza huacha namba: sifuri ni salama, nyingine yoyote imeshindwa. Mimi sikuiambia programu iiangalie namba hiyo. Skripti ikimaliza tu, programu inaandika "Umetumwa". Nilikuwa na haraka, basi.

Kliniki yako ya moyo iliporudishwa nyuma kutoka Alhamisi hadi Jumanne ya wiki hiyo hiyo, skripti ilishindwa, ikaacha moja badala ya sifuri. Programu ikaandika "Umetumwa" mbele ya kila jina, na lako pia. Ukaenda kliniki Alhamisi na kanzu yako iliyopigwa pasi, kadi kwenye mfuko wa nailoni. Ukanipigia.

"Mwanangu, huku daktari hayupo. Wanasema alikuwepo juzi."

Nikatazama kompyuta, nikakujibu kwa ukali: "Baba, ujumbe umetumwa. Hujasoma tu."

"Basi mama, itakuwa macho yangu haya."

Ulipewa tarehe ya mwezi uliofuata. Hukuifikia. Sijui kama ile Jumanne ingekuokoa, na daktari naye hasemi. Kosa nililiona baada ya arobaini yako. Kulirekebisha kulinichukua mistari mitatu. Sasa programu inasubiri, inauliza namba, na skripti ikishindwa inapiga kelele. Inafanya kazi vizuri sana, nami nakaa mbele yake mikono mapajani, sina la kufanya.

Nimekuja kaburini mara mbili kukwambia, nikashindwa. Nikang'oa majani, nikarudi Kibaha. Ndiyo maana naandika.

Ujumbe ule haukutumwa, Baba. Macho yako yalikuwa mazima.

Ni mimi binti yako,
uliyemtuma akarudi kimya