Kanda Pekee Yenye Sauti ya Ilinca

Brăila, 3 Novemba 1986

Binti yangu Smaranda,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mkwe wangu Tudorel, na kwamba baridi ya Brașov haijawaingia mifupani. Mimi nimetoka hospitali Alhamisi. Natembea kwa fimbo na pumzi nazihesabu, lakini zipo. Yule daktari aliyekwambia uandae nguo nyeusi, mwambie nguo navaa mwenyewe, tena za bluu.

Barua hii nampa binamu yako Fănică mkononi, maana treni anayoifanyia kazi inafika kwenu. Jibu mpe yeye vilevile. Usitie kitu posta, huko barua hufunguliwa. Ukitaka kutumia posta, niandikie habari za kabichi za kuchachusha, basi.

Mwanangu, nilipofungua mlango niliona ukuta mtupu nikadhani nimeingia nyumba ya watu. Rekoda haipo. Spika mbili nilizoziunda kwa mbao za kabati la bibi yako hazipo. Santuri zangu hazipo hata moja, na rafu ya kanda imebaki na vumbi lenye umbo la maboksi. Bi Lucreția akanipigia kelele kutoka uani kwake: "Smaranda kauza, Anghel! Kalia, lakini kauza!" Nikakaa kitini na koti langu mwilini, sikulivua mpaka jioni.

Siandiki kukugombeza. Uliambiwa nimekwisha, ukaamini. Kuna jambo jingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Katika zile kanda ilikuwamo moja ndani ya boksi jekundu, juu yake nimeandika "Bendi ya Matarumbeta". Hamna tarumbeta humo. Ni mkesha wa mwaka 1979, wewe ukiwa chuoni Iași. Tulikuwa wanne: mimi, mama yako, na baba yako wa ubatizo mwalimu Haralambie na mkewe Zoe. Mama yako akavaa kofia yangu, akapanda juu ya kigoda, akatoa hotuba ya mwaka mpya kama anavyoitoa Yule Mwenyewe, ambaye picha yake imetundikwa kila ofisi, kwa kile kigugumizi chake na ule mkono unaokata hewa. Kisha akaigeuza hotuba kuwa wimbo wa Krismasi. Haralambie akawa anamwuliza maswali, eti mkulima mwenye njaa. Tulicheka mpaka Zoe akatoka nje.

Kabla hajaanza, Ilinca aliniuliza, "Anghel, umelizima hilo dude lako?" Nikamwambia nimelizima. Nilimdanganya. Na mwanzoni mwa kanda, kwa mazoea yangu ya kazi pale nyumba ya utamaduni, nilikuwa nimeshataja tarehe, mtaa na majina yetu wote wanne.

Utauliza kwa nini sikuichoma. Alipofariki nilizipitia kanda zote. Mtu aliyerekodi harusi za nusu ya mji huu, sauti ya mkewe anayo kwenye kanda moja tu, nayo ndiyo hiyo. Kila Jumapili nilikuwa naisikiliza kwa spika za masikioni.

Umemwuzia nani? Nijibu upesi.

Baba yako,
Anghel

*

Brașov, 9 Novemba 1986

Baba yangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko ninavyoweza kusema. Sisi tu wazima. Tudorel ana mafua, ndiyo kawaida yake. Wewe unakula? Bi Lucreția aliniahidi supu.

Sijui nianzie wapi kuomba radhi. Daktari aliniambia siku tatu, labda nne. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kazini ya wiki moja, nikajiona mwenye akili: nifunge nyumba, nimalize kila kitu, nisirudi tena kulia mahali pale mara mbili. Nilikuzika, baba, nawe ukiwa hai kwenye kitanda cha sita.

Aliyenunua anaitwa Petcu. Hiyo ndiyo yote ninayoijua, jina alilolitaja yeye. Nilibandika tangazo pale sokoni, akaja siku hiyohiyo. Mtu wa makamo, koti la ngozi, meno mawili ya dhahabu. Sikushangaa wakati ule, ila sasa nashangaa: hakupunguza bei. Nani asiyepunguza bei? Nilitaja nikitegemea tuvutane, akatoa pesa. Hakuzitazama santuri sana. Alikuwa akizigeuzageuza kanda, akaniuliza, "Hizi ni muziki wa redioni, au zina sauti za watu?" Nikasema sijui, nyingine labda za watu. Akasema, "Watu gani?" Nikamwambia, "Jamaa zangu tu, majirani." Akatikisa kichwa, akatabasamu.

Baba, nimemjibu hivyo kwa kinywa changu. Jamaa zangu, majirani!

Nilimwambia Tudorel, akafungua bomba la jikoni maji yakawa yanamwagika, kuta zisitusikie, ndipo akanisemesha. Alisema, "Mtu wa namna hiyo hanunui muziki." Tangu hapo lifti ikisimama ghorofa yetu, tunanyamaza wote wawili.

Nifanye nini?

Mwanao,
Smaranda

*

Brăila, 18 Novemba 1986

Smaranda mwanangu,

Nakula, usihofu, na kifua kinaachia. Hofu nyingine ndiyo haiachii.

Nilikwenda kumwambia Haralambie. Sikuweza kumficha, jina lake limo na kazi yake imo. Nilimkuta foleni ya nyama, mahali pazuri, maana kila mtu anatazama mlango wa duka wala hakuna anayekutazama wewe. Nikamweleza polepole. Akawa mweupe kama chokaa ya darasani kwake.

"Wewe Anghel," akaninong'oneza, "miaka saba umeniweka ndani ya boksi?"

"Ilikuwa kwa ajili ya Ilinca."

"Na mimi je? Zoe je? Sisi tulikuwa muziki wako wa nyuma?"

"Nisamehe, kumetre," nikamwita kama tunavyoitana tangu alipokubatiza.

"Usiniite kumetre mbele za watu." Akatoka kwenye foleni, naye alikuwa amebakiza watu kumi tu kufika mbele. Zoe aliniambia baadaye hawakula nyama wiki hiyo.

Tangu siku ile simu inalia, nikiinua hakuna anayesema, nasikia pumzi tu. Labda laini mbovu. Kijana mmoja anasimama kituo cha basi cha mbele ya nyumba, mabasi yanapita hapandi. Labda anamngoja msichana. Nimechoma daftari langu lenye orodha ya kila nilichorekodi tangu mwaka 1958. Kurasa mia na ishirini, nikizitia moja moja jikoni ili moshi usiwe mwingi. Nilisoma kila ukurasa kabla ya kuutia: harusi ya akina Manole, kinanda cha marehemu Ștefana, vyura wa Danubi walioimba majira ya mafuriko. Nilikuwa tajiri, mwanangu, nami sikujua kwamba utajiri huo una mdomo.

Ukiulizwa, sema ulikuta vitu kwa baba mgonjwa ukauza. Ndiyo kweli. Usiongeze neno. Wala usimtafute huyo mtu.

Baba yako,
Anghel

*

Brăila, 25 Novemba 1986

Smaranda,

Wamemchukua Haralambie jana saa nne asubuhi, darasani, watoto wakitazama. Gari jeupe. Zoe amekuja kunigongea, hakuingia, alisimama kizingitini akanitazama tu. Afadhali angenitukana.

Begi langu lipo tayari karibu na mlango: soksi, sabuni, dawa za kifua. Usije huku. Fănică anangoja, siwezi kuandika zaidi.

Baba

*

Brașov, 4 Desemba 1986

Baba yangu mpenzi,

Namwomba Mungu akukutanishe na barua hii ukiwa nyumbani kwako. Kama ni mtu mwingine anayeisoma, basi imekwisha, na aisome.

Sikukutii. Ulisema nisimtafute, nami sikuweza kukaa. Nilikumbuka ubavuni mwa lile gari dogo alilochukulia vitu palikuwa pamechorwa ngano na jina la ushirika wa mikate wa Buzău. Jumapili nikapanda treni. Tudorel alinishika mkono mlangoni, akasema, "Ukienda mwenyewe mpaka kwenye meno ya mbwa, atakosaje kukuuma?" Nikamwambia mbwa ameshamshika baba yangu menoni.

Mama mmoja mlinzi wa geti la ushirika alicheka nilipotaja meno ya dhahabu. "Petcu? Wa akodiani? Gari letu huwa analiazima akienda harusini." Nikaegemea geti. Akanionyesha nyumba.

Baba, si mtu wa usalama. Ni mpiga akodiani wa harusini. Alinifungulia akiwa na mtoto wa binti yake begani, aliponitambua akanivuta ndani kwa haraka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Wewe ndiye uliyeniletea balaa," akasema.

Kanda mpya hazipatikani madukani, unajua. Anazinunua kuukuu, anafuta muziki wa redioni, anarekodi harusi juu yake. Ndiyo maana hakuvutana bei, na ndiyo maana aliuliza kama zina sauti za watu. "Za watu sifuti," akaniambia. "Mtu aliyekwisha kusema kitu, mimi nani nimnyamazishe? Hizo naziweka kando." Aliiweka ya boksi jekundu kwenye mashine akitarajia matarumbeta. Aliposikia dakika mbili alizima, akaificha chini ya mkaa, na mkewe hajamsemesha vizuri tangu siku hiyo. Hajamwonyesha mtu. Aliapa kwa kichwa cha yule mtoto, nami nikamwamini, maana alikuwa na hofu kuliko mimi.

"Ichukue," akasema, "leo hii."

Nilifikiri. Kituoni Buzău polisi walikuwa wakipekua mabegi ya kila mtu, wanatafuta nyama na sukari. Nikuletee? Kwako wanaweza kuja saa yoyote. Nije nayo Brașov? Kuichoma kunatoa harufu inayojulikana ghorofa nzima. Na Haralambie yuko mikononi mwao, huenda wakati ule ule wanamwuliza iko wapi.

Nikamwambia Petcu aifute. Akakataa. "Sitamfuta marehemu. Ni mama yako, fanya mwenyewe."

Tulitundika mablanketi dirishani, saa saba mchana. Nilivaa zile spika zako za masikioni, zina uzi ule ule uliouunga kwa plasta. Nikasikiliza mara moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Baba, anaanza wimbo kwa sauti ya chini sana, kama anayejaribu maji kwa kidole, ndipo anapanda. Kuna mahali anakaribia kucheka, anajizuia, unasikia pumzi yake puani. Nilikuwa nimesahau kwamba alipumua hivyo.

Kisha Petcu akanionyesha vibonyezo viwili vya kubonyeza pamoja, akatoka chumbani. Nikabonyeza. Magurudumu yalizunguka dakika arobaini na tano. Nilikaa nayo mpaka utepe ukachomoka.

Imekwisha. Niambie kama uko salama. Niambie lolote.

Mwanao,
Smaranda

*

Brașov, 22 Desemba 1986

Baba,

Fănică anasema alikupa barua mkononi, na kwamba uliipokea ukafunga mlango. Anasema taa inawaka, kwa hiyo upo. Ni wiki mbili na nusu. Kama umekasirika, andika hasira. Nimekuwekea soseji kidogo za sikukuu na mshumaa wa kaburi la mama. Zoe ana habari gani?

Baba, nijibu. Lifti ikisimama hapa bado nanyamaza, ila sasa sijui nawaogopa wao au nakuogopa wewe.

Mwanao,
Smaranda

*

Brăila, 11 Januari 1987

Binti yangu Smaranda,

Heri ya mwaka. Soseji zilifika, nilizila kwa ugali na Bi Lucreția, akazisifu mpaka mfupa usiokuwamo. Mshumaa niliuwasha mwenyewe, nilifika makaburini kwa miguu yangu.

Nilikuandikia barua tatu kabla ya hii, nikazichoma zote. Hazikuwa barua za baba. Ya kwanza ilikuita majina ambayo sikuwahi kukuita hata ulipovunja sindano ya gramafoni ukiwa na miaka minne. Sasa nimetulia kiasi, kwa hiyo nakwambia yaliyotokea.

Haralambie amerudi. Walimshikilia siku tisa. Zoe alinificha habari hiyo mpaka baada ya Krismasi, nami sikumlaumu. Juzi mwenyewe alikuja, akasema tutoke nje. Amekonda, mkono wa kushoto anaushika kwa wa kulia. Tulikwenda hadi bandarini, ndipo akafungua mdomo.

"Ilikuwa redio," akasema. "Mtu kanichongea kuwa nasikiliza redio za nje. Siku tisa, redio, redio. Kanda yako hawaijui. Nilikuwa nangoja waitaje kila siku, na kila siku hawakuitaja."

"Kamwe?"

"Kamwe, Anghel."

Nikamwambia imefutwa. Nilidhani atashukuru. Alisimama, akatazama mto, akaniuliza, "Yote? Hata pale Ilinca aliponiita mkulima mwenye ndevu za mbuzi?" Nikasema yote. Akaanza kulia, mtu ambaye sikumwona akilia hata kwenye mazishi. Kisha akasema nisimtembelee kwa muda, akaenda zake.

Kwa hiyo hawakuwa wakiitafuta, na hatukuhitaji kuifuta. Hilo ndilo nililokuwa nikizichomea barua. Ila kila nikitaka kukulaumu naona mimi ndiye niliyesema "nimelizima", na mimi ndiye niliyetaja majina. Ulifanya kama mtu anayetaka baba yake abaki nyumbani. Ningekuwa pale Buzău, ningebonyeza.

Begi bado liko mlangoni. Nimetoa sabuni tu, nilikuwa nimeishiwa.

Sasa nina neno moja. Unasema anaanza kwa sauti ya chini, ndipo anapanda. Mimi nilikuwa nakumbuka anaanza juu. Nimejaribu peke yangu, jikoni, bomba likiwa wazi, na sipati. Wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Njoo mwezi huu, kabla nawe hujasahau, unionyeshe anaanzia wapi. Humu ndani hatutaimba. Tutashuka Danubi, upande wa magati ya zamani, barafu imeshika na watu hawafiki huko. Vaa viatu vizito, na mwambie Tudorel akukopeshe kofia yake ya manyoya.

Baba yako anayekungoja,
Anghel