Watu wa Kale na Mpunga wa Michenga

Jumatatu, 6 Mei 1996

Na bado sijamaliza kuhusu Festo. Leo tena ameamka kabla yangu, kachemsha chai, kaipuliza ipoe nisichelewe shuleni. Bwana shamba mzima anampulizia mkewe chai. Nampenda hadi naona aibu.

Historia, darasa la tatu. Watu wa kale walilala wapi? Kitabu kinasema mapangoni. Asteria, mdogo wa umbo kuliko wote, akanyoosha kidole: "Kwenye madungu, mwalimu. Wangelala chini wangesombwa na maji." Hapa Michenga nani amewahi kuona pango? Wanachojua ni mafuriko na vibanda vya juu ya miti vya kulindia mpunga. Nikampa vema. Darasa zima likapiga makofi.

Jumatano, 8 Mei

Mkutano wa kijiji. Festo alivaa shati nililompigia pasi. Alipendeza mno. Akasema kwelea wameshafika mashamba ya jirani, kila kaya ihamie shambani kesho, watoto wote wafukuze ndege. Nilipiga makofi. Nikiwa bado napiga ndipo nikaelewa.

Ijumaa, 10 Mei

Madawati matupu. Mwalimu mkuu anasema asiyefanya mtihani wa muhula atarudia darasa. Asteria ameshawahi kurudia kwa sababu ya mpunga. Baba yake alishasema akirudia tena, basi, atabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Jumapili, 12 Mei

Nilimkuta mama Asteria nje ya kanisa. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba mtoto kwa siku moja tu, ya mtihani.

"Sawa, mwalimu. Siku hiyo uje wewe ugonge makopo kufukuza ndege."

Wenzake wakacheka. Akaniinamia: "Si mumeo katutuma? Muulize huko huko kitandani."

Nimemuuliza Festo. Aliacha kula. Kasema mpunga ukiliwa hakuna atakayesoma, watakufa njaa. Akanishika mkono. Anasema kweli, na nimeuchukia ukweli wake. Yeye siwezi kumchukia.

Jumanne, 21 Mei

Mtihani. Nilisimama mlangoni hadi mwalimu mkuu akaniita ndani. Asteria hakuja.

Wachache waliokuja waliulizwa watu wa kale waliishi wapi. Wote wameandika: kwenye madungu. Majibu yaliyoletwa kutoka Ifakara yanasema mapangoni. Ile vema niliitoa mimi. Leo nimewakosesha wote kwa kalamu nyekundu. Festo aliniona nikilia, akakaa chini karibu nami.

Ijumaa, 24 Mei

Baba Asteria amemwambia mwalimu mkuu asimngoje mtoto. Jina limekatwa.

Jioni hii tumekaa barazani, bega kwa bega. Makopo yanasikika kutoka mashambani, mbali, yanagongwa na kunyamaza. Festo anasema mwaka huu mpunga utapona. Nimefurahi, kidogo.

Darasani tulikuwa hatujafika kwenye moto, jinsi watu wa kale walivyoupata kwa kupekecha vijiti. Asteria aliniuliza mara mbili lini tutafika. Festo ataniendesha kwa baiskeli hadi maji yanapoanzia, kutoka hapo nitavuka kwa mtumbwi. Nitapanda dungu lao, nigonge makopo huku namsimulia. Haitamrudisha shule. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda.